Fimbo, Kitara na Hatua ya Pembeni: Kuurudia Mchezo wa Soulcalibur

Katika michezo ya kupigana ichezwayo kwa runinga, ambayo vijana wetu huiita gemu, uzee huja upesi kuliko katika fani nyingine yoyote ya burudani. Kwani taswira zilizowastaajabisha watu mwaka huu huonekana duni baada ya miaka mitano, na kile kilichosifiwa jana kwamba kimefanana na uhai wenyewe huwa kichekesho mbele ya wadogo zao. Soulcalibur, mchezo uliotolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwezi Julai mwaka 1998, ni miongoni mwa michache iliyosalimika na hukumu hiyo. Makala haya yamekusudia kumweleza msomaji, hata yule ambaye hajapata kushika pedi ya kuchezea gemu maishani mwake, sababu ya kusalimika huko. Nayo, kwa rai yangu, ni kwamba waliouunda mchezo huu waliipa kila silaha sheria yake, kisha wakaziacha sheria hizo zigombane zenyewe kwa zenyewe.

Soulcalibur ilikuwa na mtangulizi wake, Soul Edge, ambayo iliingia katika majumba ya michezo ya Japani katikati ya miaka ya 1990, ikahamishiwa kwenye mashine ya PlayStation mwezi Desemba 1996, na mwaka uliofuata, ilipopelekwa Ulaya na Marekani, ikaitwa Soul Blade. Na kabla ya hiyo, SNK, kampuni nyingine ya Japani, ilikwisha kutoa Samurai Shodown mwaka 1993, mchezo wa picha bapa za kuchorwa, ambamo panga mbili zikishikana mmoja wa wapiganaji aweza kupokonywa lake na kubaki mikono mitupu. Wazo la kumpa mpiganaji silaha, basi, halikuwa jambo geni mwaka 1998. Lililokuwa geni ni ardhi aliyopewa aitembee.

Aghalabu katika michezo iliyotangulia wapiganaji wawili walisimama juu ya mstari mmoja, na kazi ya mchezaji ilikuwa kwenda mbele, kurudi nyuma, kuruka na kuchutama. Hata pale taswira zilipokuwa na kina, kina chenyewe hakikuwa na matumizi makubwa, kwa kuwa hatua ya pembeni ilikuwa fupi, ya kuibia. Soulcalibur ikaufuta mstari huo. Mchezaji akawa huru kutembea na kukimbia pande nane, kumzunguka adui yake, kumjia ubavuni, kujitenga naye na kumrudia, huku macho ya wote wawili yakiwa hayaachani. Na kwa badiliko hilo moja, pambano ambalo zamani lilikuwa mashindano ya wepesi wa vidole likawa mashindano ya kupima masafa.

Kanuni zake si nyingi, na mtu aweza kuzishika kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Batani nne za pedi ndizo zenye kazi: ya kwanza hutoa mkato wa ulalo, upitao kutoka upande hadi upande, ya pili hutoa pigo la wima, lishukalo kutoka juu au lichomalo mbele, ya tatu hutoa teke, ya nne ni kinga. Pigo la wima lina uzito, na aghalabu likikutana na mkato wa ulalo huushinda. Lakini apigaye hatua ya pembeni huliacha lipasue hewa, na mwenye kulipiga hubaki wazi. Mkato wa ulalo, kwa upande wake, humnasa huyo aliyekwenda pembeni akidhani amenusurika. Ajifichaye nyuma ya kinga saa zote hushikwa mwilini akabwagwa. Na juu ya hayo pana kinga ya namna ya pili, iliyo ya wajuzi, ambayo mchezaji halipokei pigo bali hulisukuma mbali katika nukta ileile linapofika, na aliyelitupa akayumba. Kinga hii, ikifanywa mapema mno au kwa kuchelewa, humwacha mwenyewe katika hatari kubwa kuliko ile aliyotaka kuiepuka. Mwisho, uwanja una kingo zake, na aangukaye nje ya kingo ameshindwa raundi hiyo, hata kama afya yake ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

Juu ya msingi huo mwepesi wakapangwa watu na silaha zao. Mitsurugi, askari wa Kijapani asiye na bwana, hubeba kitara cha nchi yake. Sophitia, binti wa Athens, ana sime fupi na ngao. Taki hushika visu viwili virefu na hawezi kitu mpaka amemsogelea adui kiasi cha kusikia pumzi zake. Astaroth, jitu lisilo la kibinadamu, huzungusha shoka ambalo likimkosa mtu humchukua muda mrefu kulirudisha. Maxi ana vijiti viwili vilivyoungwa kwa mnyororo. Ivy, mwanamke wa London, ana upanga ambao hufumuka vipande vikawa mjeledi. Na Kilik ana gongo tu, refu kuliko yeye mwenyewe. Asiyejua hudhani kwamba mwenye shoka ndiye mwenye nguvu na mwenye gongo ni dhaifu. Akicheza mara mbili tatu hutambua kwamba gongo la Kilik humfikia mtu kabla shoka halijainuliwa, na kwamba Taki, akishapenya ndani ya urefu wa gongo, humfanya Kilik ajute kulishika. Hakuna silaha iliyo bora kwa dhati yake. Iliyopo ni silaha iliyo mahali pake na silaha iliyotoka mahali pake.

Dunia ya wachezaji iliupokea mchezo huu kwa taadhima ambayo ni nadra. Mashine ya majumba ya michezo iliyouendesha mwaka 1998 ilijengwa juu ya maarifa yaleyale ya PlayStation ya kwanza, kwa hiyo Namco ilipouhamishia kwenye Dreamcast, mashine mpya ya kampuni ya Sega, jambo lisilo la kawaida likatokea: toleo la nyumbani likalishinda kwa uzuri toleo la majumbani mwa michezo, ilhali kwa desturi ilikuwa kinyume chake. Likatoka Japani mwezi Agosti 1999, na tarehe 9 Septemba mwaka huohuo likaingia Marekani siku moja na mashine yenyewe. Jarida la Famitsu la Japani likaupa alama 40 kati ya 40, na ulikuwa mchezo wa pili tu kupata alama hizo, baada ya ule wa Zelda wa mwaka 1998. Dreamcast yenyewe haikupata umri. Sega iliacha kuitengeneza mwaka 2001. Soulcalibur ikaishi: toleo la pili likaja, kisha la tatu, hadi la sita la mwaka 2018, ambalo, kwa namna ya mtu anayerudi kwenye shamba la baba yake, lilirejea na kuisimulia upya hikaya ya lile la kwanza.

Huku kwetu Dreamcast ilikuwa kitu cha kusikia tu. Kilichoenea katika miji midogo ya bara ni PlayStation, na hasa ile ya pili, ambayo mpaka leo yaweza kukutwa ikifanya kazi katika kibanda cha bati kando ya barabara. Chemba, makao ya wilaya iliyokatwa kutoka Kondoa mwaka 2012, ni mji wa namna hiyo: umekaa kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Kondoa na Babati, na tangu lami ilipofika, mabasi na malori ya alizeti hupita hapo usiku na mchana. Katika kibanda kimojawapo, jirani na mashine ya kukamulia mafuta ya alizeti, ambayo ngurumo yake humlazimu kila mtu kusema kwa sauti, nilikuta vijana watatu na runinga moja yenye mgongo mnene, na aliyekuwa akipokea fedha akaniamkia kwa adabu: “Shikamoo, mzee. Unataka mpira au kupigana?”

Mpira ndio unaotawala vibandani humo, na kupigana huja wakati wapenzi wa mpira wameishiwa shilingi. Lakini katika rundo la sahani zake za michezo alikuwa nayo Soulcalibur ya pili, iliyotolewa kwa mashine hizi mwaka 2003. Nikamchagua Astaroth kwa ukubwa wa mwili wake. Kijana aliyekaa pembeni yangu, ambaye hakuwa amezaliwa wakati mchezo huu ulipotoka, akamchukua Kilik, na bila haraka yoyote akawa ananichoma kwa ncha ya gongo kila nilipoinua shoka. “Usimfuate moja kwa moja, mzee,” akaniambia mwenye kibanda, kwa huruma. “Ana fimbo ndefu huyo. Zunguka.” Nikazunguka; na mara ya kwanza niliposogea kulia wakati gongo linakuja, likapita kando ya bega la lile jitu, na shoka likapata nafasi yake. Yule kijana hakusema neno. Alirudi nyuma hatua mbili, akaanza kupiga kwa ulalo.

Nilipomuuliza ni nani aliyemfundisha kubadili hivyo, alishangaa kuulizwa. Katika nyanda hizi, ambako Warangi, Waburunge, Wasandawe na Wagogo wameishi kwa kulima uwele na mtama na kufuga, mtoto wa kiume aliyetumwa machungani hupewa fimbo kabla hajapewa viatu, na saa za mchana, ng'ombe wakishalala kivulini, hupigana fimbo na wenzake kwa mzaha mpaka vidole vivimbe. Maarifa ya kwamba fimbo ndefu hupiga kwa mbali na hushindwa kwa karibu, kwamba anayepiga kutoka juu hukwepwa kwa kwenda kando, na kwamba anayekwenda kando hungojewa kwa pigo la ubavu, hayahitaji kitabu kwa mtoto wa namna hiyo. Watengenezaji wa Tokyo, waliochukua miendo ya wapiganaji wao kutoka katika miili ya watu waliozoea kushika silaha, na mtoto wa machungani wa Chemba walikunywa katika kisima kimoja, ingawa kila mmoja alikifikia kwa njia yake.

Pwani nayo ina elimu hiyo, na iliipa mavazi ya ngoma. Katika Lamu na Mombasa, na hasa siku za Maulidi ya Lamu, wanaume huingia uwanjani wawili wawili kucheza kirumbizi, kila mmoja na bakora yake, huku zumari na ngoma zikiwachochea. Hupimana, huzungukana, mmoja hutupa pigo na mwenziwe hulikinga, na watazamaji humsifu aliyekinga kwa madaha kuliko aliyepiga kwa nguvu. Unguja ilikuwa na razha ya Waarabu wa Oman, ambamo panga hurushwa juu na kudakwa kwa adabu ya kivita. Mtu aliyekuwa akiitazama kirumbizi utotoni, akiwekwa leo mbele ya Soulcalibur, hatahitaji kuelezwa kwa nini kinga ya kulisukuma pigo ndiyo inayopigiwa makofi.

Jambo moja katika mchezo huu huwashangaza watu wa Chemba kwa haki: miongoni mwa silaha zote zile hakuna upinde. Wasandawe, ambao kijiji chao maarufu ni Kwa Mtoro, walisifika kwa uwindaji wa mishale, na kaskazini yao, katika miamba ya Kolo huko Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, mna michoro ya kale ya watu na wanyama, na wengine katika watu hao wamechorwa na pinde zao. Iweje basi silaha ya kale namna hii isahauliwe? Nadhani haikusahauliwa, ilizuiliwa mlangoni. Mshale haumngojei adui aingie katika urefu wa mkono, na ukiuruhusu, pambano zima la kusogea na kurudi, ambalo ndilo roho ya mchezo, huwa halina maana tena. Kila silaha iliyokubaliwa humlazimisha mwenye nayo kuikaribia hatari ili aweze kuitia kwa mwenziwe.

Historia yetu yenyewe inao ushahidi wa sheria hiyo ya masafa. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo katika nchi ya Wahehe, jeshi la Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, lenye bunduki na mizinga, lilivamiwa na watu wa Mkwawa, mtawala wao, wenye mikuki na ngao, nalo likaangamizwa, na Zelewski mwenyewe akauawa. Bunduki haikuwa imeharibika siku hiyo. Wahehe walijificha vichakani hata msafara ulipokuwa karibu kabisa, wakatoka wakati ambapo masafa, ambayo ndiyo faida yote ya bunduki, yalikuwa yamekwisha. Na katika umbali wa hatua chache mkuki humtangulia mwenye kutafuta risasi. Alichokifanya Taki kwa visu vyake dhidi ya gongo la Kilik, Wahehe walikifanya kwa roho zao.

Kuhusu hikaya ya Soulcalibur, insafu yanilazimu kusema kwamba si kitu kikubwa: upo upanga muovu uitwao Soul Edge, unaokula roho za watu, upo upanga mwema unaoupinga, ambao ndio uliotoa jina la mchezo, na wapo watu wengi wanaozitafuta panga hizo, kila mmoja kwa haja yake. Lililo na thamani ni zama zilizochaguliwa, yaani mwisho wa karne ya 16, wakati merikebu zilipokuwa zimekwisha kuwakutanisha watu wa mbali, hata Mhispania mharamia, Mjapani, Mkorea, Mwitaliano wa Palermo na Mgiriki wakaweza kusimama katika uwanja mmoja bila ya mwandishi kulazimika kudanganya sana. Na silaha, kwa kuwa ni za watu halisi, huchukua na kumbukumbu zao: katika toleo lililopelekwa Korea, nchi iliyovamiwa na Wajapani mwaka 1592 na ikatawaliwa nao tena katika karne ya 20, Mitsurugi aliondolewa, na mahali pake akawekwa mpiganaji mwingine aitwaye Arthur.

Katika zama hizohizo pwani yetu ilikuwa uwanja wa namna hiyo, ingawa mchezo huu haukuifikia. Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alifika pwani hii mwaka 1585 na akarudi tena miaka michache baadaye, akaungana na watu wa Mombasa dhidi ya Wareno. Mwaka 1589 merikebu za Wareno zikaja kutoka Goa kumwadhibu, na wakati uleule Wazimba, waliokuwa wamepanda kutoka kusini, wakawa wamekaa ng'ambo ya kivuko wakingojea kuingia kisiwani. Upanga wa Mreno, kitara cha Mturuki, jambia la Mwarabu, mkuki wa Mzimba na sime ya mwenyeji, vyote vilikuwapo mahali pamoja katika juma moja. Na miaka minne baadaye, mwaka 1593, Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, ambayo bado imesimama.

Mchezo wa zamani una aibu zake pia, na haifai kuzifunika. Mavazi ya baadhi ya wanawake wake, hasa Ivy, na zaidi katika matoleo ya baadaye, yameshonwa kwa ajili ya macho ya mtazamaji wala hayamkingi mpiganaji, na mzazi aliyeingia kibandani kumtafuta mwanawe ana haki ya kunung'unika. Kifo hakipo kwa hakika: mtu hupigwa shoka la kichwa akainuka na kupangusa vumbi. Aliyetaka ukweli mkali wa upanga angeufuata katika Bushido Blade ya mwaka 1997, ambamo hakuna mstari wa kupimia afya na pigo moja lililokaa sawasawa humaliza mambo. Lakini ukali huo uliwafukuza wengi, ilhali Soulcalibur, kwa kumsamehe mchezaji makosa yake kadhaa, ilimpa wasaa wa kujifunza. Huo nao ni ustadi wa mwalimu.

Afrika Mashariki imekwisha kuonyesha kwamba ina wachezaji: Sylvia Gathoni wa Kenya, ambaye ulingoni huitwa QueenArrow, aliingia katika timu ya kimataifa kwa ujuzi wake wa Tekken, mchezo mwingine wa kupigana wa Namco hiyohiyo. Watengenezaji nao wameanza kujitokeza barani, na Kamerun ilitoa mchezo wake wa Aurion mwaka 2016, uliojengwa juu ya hikaya na mila za Kiafrika. Siku ambayo vijana wa Dodoma au Dar es Salaam watataka kuunda mchezo wa silaha wa kwetu, watashawishika kuanza na mavazi, shanga na majina ya mashujaa, kwa sababu hivyo ndivyo vionekanavyo kwa urahisi katika picha ya tangazo. Rai yangu ni kwamba waanze na fimbo ya mchungaji wa Chemba: wapime urefu wake, wapime muda ambao pigo lake huchukua kutoka begani hadi shabahani, na wajue mwenye kuipiga hubaki wazi upande gani pigo linapokosa. Wakishayajibu hayo kwa fimbo, kisha kwa mkuki, kwa sime na kwa jambia, kisa cha Mombasa ya mwaka 1589 kitapata watu wa kukichukua, na yule kijana wa kibandani ataweza kuwaambia mchana mmoja tu kama hesabu zao ni sahihi.